Vance Joseph anafaa kupewa timu nzima kwingine, au ni mtu wa ulinzi tu?

yadi_kumi

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni shabiki wa Denver Broncos, timu ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na swali hili linatoka moyoni kwa sababu jambo lenyewe limeshatuumiza mara nyingi. Kwa mwaka 2025 nafasi za ukocha mkuu kwenye NFL zilijaa. Zilifunguka saba, na tano zikaenda kwa waratibu (makocha wanaosimamia ulinzi tu au mashambulizi tu) ambao hawajawahi kuwa makocha wakuu kwenye ligi hii: Ben Johnson kaenda Chicago, Aaron Glenn kwa Jets, Kellen Moore New Orleans, Liam Coen Jacksonville, na Brian Schottenheimer kapandishwa palepale Dallas. Kila Januari mambo huanza upya, na jina la mratibu wetu wa ulinzi wa msimu wa 2024, Vance Joseph, halikosi kutajwa.

Ukitazama kazi yake ya msimu wa 2024 utasema apewe timu leo hii. Vijana wake waliwaangusha makwotabeki (wale wanaorusha mpira na kuongoza mashambulizi) mara 63, hakuna timu nyingine iliyofika hapo, na ni rekodi ya klabu. Patrick Surtain akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima. Tulishinda 10, tukapoteza 7, tukaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule tuliochukua Super Bowl 50, fainali ya ligi.

Lakini huyu huyu ndiye aliyekuwa kocha wetu mkuu 2017 na 2018. Ushindi 11, vipigo 21. Na hakuwa peke yake. Josh McDaniels alitoka New England akiwa mratibu anayesifiwa kila kona, akashinda mechi sita za kwanza mfululizo, akafukuzwa msimu wa pili kabla haujaisha. Vic Fangio alitoka Chicago na ulinzi uliokuwa unaogopwa, akakaa nasi misimu mitatu bila hata mmoja wenye ushindi mwingi kuliko vipigo. Nathaniel Hackett hakumaliza hata mwaka. Waratibu wanne hao, na kila mara tuliambiwa safari hii tumepata.

Kwa hiyo nauliza: mratibu anayeweza kubeba timu nzima unamtambuaje kabla hujampa? Na Joseph, kwa mara ya pili, mahali pengine, anafaa? Takwimu ninazo. Ningependa kusikia kutoka kwa mtu aliyewahi kukaa karibu na benchi.

kibanda_cha_juu

Mkuu yadi_kumi, nitakujibu kwa yaliyonikuta, kisha nitamrudia Joseph.

Nilikuwa mratibu wa ulinzi kwenye shule moja ya sekondari hapa Colorado kwa misimu sita. Kila Ijumaa usiku nilikaa kwenye kibanda cha juu, dirisha wazi, hedseti masikioni, karatasi ya mipango iliyopigwa plastiki mapajani. Kutoka kule juu unawaona wote 22 kama kete kwenye bao. Beki wa nyuma akisogea hatua mbili kabla ya wakati, unaona, na unajua kwotabeki wao naye kaona. Ulinzi ukitoka uwanjani mimi nilikuwa na dakika zangu tatu nne za kuandika na kufikiria. Wenzetu wakiwa na mpira sikuwa na kazi nao. Hakuna aliyeniuliza basi limefika au halijafika, nani kafeli hesabu, mzazi gani anasubiri getini.

Ulinzi wetu ukapata jina, shule nyingine ikaniita niwe kocha mkuu. Nilikwenda nikiamini ni kazi ile ile, ila kubwa zaidi.

Mechi ya kwanza, robo ya tatu, nimepiga goti mbele ya benchi na ubao mdogo mweupe, nawachorea mabeki wangu walivyopitwa. Nikasikia nyuma yangu: "Kocha, tunajaribu au tunapiga?" Nikageuka. Sikujua ni jaribio la ngapi (timu ina manne ya kupata yadi kumi). Sikujua mpira uko yadi ya ngapi. Kalamu bado iko mkononi, sekunde zinakimbia, kumbe ni jaribio la nne, yadi mbili. Nikaomba taimauti, saa isimame, ili nipate kufikiri. Taimauti ile ndiyo niliyoikosa mwishoni, mpira tunao sisi, saa inayoyoma. Tulipoteza kwa pointi tatu.

Kwenye basi kwotabeki wangu, kijana wa miaka 17, alikuja kukaa kiti cha mbele karibu nami, kofia yake mapajani. Akaniuliza taratibu: "Kocha, ulikuwa unaniona?" Alikuwa anauliza kuhusu mpira mmoja aliourusha robo ya pili, alitaka kujua kama alifanya uamuzi sahihi. Sikuwa nimeuona. Mechi nzima nilikuwa nawaona mabeki tu.

Ukisikia mtu anasema kocha mkuu ni mratibu aliyepanda cheo, mkatalie. Ni kazi nyingine. Mratibu analipwa kwa kuona nusu ya mchezo kwa undani kuliko mtu yeyote uwanjani. Kocha mkuu analipwa kwa kuona yote, saa ikiwemo, na kuwaachia wengine undani ule alioupenda maisha yake yote. Hapo kwenye kuachia ndipo wengi tunapoanguka. Ukianza kushindwa, mkono unakimbilia kile unachokijua.

Mwangalie Hackett, kwa sababu jeraha hilo nyote wa Denver mnalo. Septemba 12, 2022, Seattle, mechi yake ya kwanza kabisa. Jaribio la nne, yadi tano, taimauti zote tatu mfukoni, na uwanjani ana Russell Wilson waliyemlipia bei kubwa. Aliacha sekunde zimwagike, kisha akamleta mpigaji wake, Brandon McManus, apige kutoka yadi 64. Ukakosa. 17 kwa 16. Mechi iliyofuata, nyumbani, mashabiki wenu wakawa wanamhesabia sekunde kwa sauti ili mpira uanzishwe kwa wakati. Klabu ikamwita Jerry Rosburg, mzee aliyekwishastaafu, aje kumsaidia maamuzi ya saa. Watu walimcheka Hackett. Mimi sikuweza, kwa sababu usiku ule niliona kalamu yangu na ubao wangu. Na kulikuwa na dalili: Green Bay alikuwa mratibu wa mashambulizi, lakini aliyekuwa anaita mipango, yaani kuchagua kila mchezo, siku ya mechi ni kocha mkuu, Matt LaFleur. Uamuzi wa papo kwa papo, mbele ya watu elfu sabini, kule haukuwa wake. Swali la kwanza basi kwa mratibu yeyote: alikokuwa, nani alikuwa anafanya nini hasa?

Sasa Joseph. Mlipomchukua Januari 2017 alikuwa amekuwa mratibu msimu mmoja tu, Miami 2016. Mmoja! Mkampa timu isiyo na kwotabeki. Mwaka ule walianza Trevor Siemian, Brock Osweiler na Paxton Lynch kwa kupokezana. Alianza kwa kushinda tatu na kupoteza moja, kisha akapoteza nane mfululizo, na katikati ya shimo hilo akamfukuza mratibu wake wa mashambulizi, Mike McCoy. Mimi naiona picha ya mtu aliyeshikilia nusu anayoijua huku nusu nyingine inaungua. Desemba 2018 dhidi ya Cleveland, nyuma kwa pointi nne, jaribio la nne na yadi moja karibu kabisa na mstari wao, akachagua kupiga achukue pointi tatu. Ikaisha 17 kwa 16. Huo ni uamuzi wa mtu wa ulinzi: aliwaamini vijana wake wa ulinzi kwamba wataurudisha mpira, kuliko alivyowaamini wa mashambulizi kwamba watapata yadi moja.

Lakini tangu hapo kapita misimu minne Arizona na miwili kwenu. Na siku ambayo mimi ningeitazama kuliko zile mara 63 za kuwaangusha makwotabeki ni Septemba 24, 2023. Miami 70, Denver 20. Yadi 726. Kwa mratibu hakuna aibu inayozidi hiyo, na Miami ndiko alikotokea. Kocha mkuu wenu, Sean Payton, hakumfukuza, na Joseph hakutafuta mtu wa kumtupia lawama. Oktoba 29 ulinzi ule ule, na wachezaji karibu wale wale, uliwazuia Kansas City wakaondoka na pointi 9 tu, mkamaliza mkosi wa vipigo 16 mfululizo mbele yao. Mtu anayeweza kusimama mbele ya chumba cha wanaume Jumatatu baada ya pointi 70, na wiki tano baadaye chumba kile bado kinamsikiliza, huyo ana kitu cha ukocha mkuu ambacho huwezi kukisoma kwenye jedwali lolote.

Jibu langu: anafaa. Ila kwa sharti moja, na nitalieleza nikitoka kazini.

dada_wa_jumapili

Nimeisoma habari ya yule kijana wa kwenye basi mara mbili. Pole kaka, na asante kwa kuisema.

Hata hivyo sikubaliani na hitimisho. Joseph ametulia Denver kwa sababu Payton amebeba mzigo wote ule mwingine: mashambulizi, saa, waandishi wa habari, na kwotabeki mgeni Bo Nix. Tunamsifia mtu kwa kuogelea vizuri wakati kuna mwenzie anamshika mgongo. Hilo si kosa lake, lakini pia si ushahidi.

Na kwa nini tunachukulia kwamba kubaki mratibu ni kushindwa? Fangio huyo huyo aliyewaumiza alikwenda Philadelphia, na Februari 9, 2025 ulinzi wake ukamwangusha Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, mara sita kwenye Super Bowl bila kutuma wachezaji wa ziada kumkimbilia. Watu wanne tu mbele, wengine wote wakilinda nyuma, 40 kwa 22. Nani mwenye akili atasema mzee yule kapoteza maisha yake kwa kutokuwa kocha mkuu? Au Dick LeBeau: akiwa kocha mkuu Cincinnati alishinda 12 akapoteza 33, akarudi kwenye ulinzi Pittsburgh, wakachukua Super Bowl mbili. Kuna mikono iliyoumbwa kwa kazi moja. Kumtoa mtu mahali anapong'ara ili tumpime mahali alipowahi kuzama ni kumdhulumu yeye na timu zote mbili.

Najua mtaniletea Bill Belichick, kwamba akiwa kocha mkuu Cleveland alikuwa na ushindi 36 kwa vipigo 44 kisha New England akachukua Super Bowl sita. Huyo ni mmoja. Usimpimie mtu nguo kwa mwili wa jirani.

yadi_kumi

Dada umenigusa hapo kwa Fangio, maana mimi nilimzomea. Nilikuwa uwanjani, nilizomea kweli, na nikimtazama na kombe najisikia vibaya.

Mkuu wa kibanda cha juu, tunasubiri hilo sharti. Na niongeze swali: mbona kati ya wale watano wapya wanne ni wa mashambulizi? Mtu wa ulinzi ana nafasi kweli siku hizi?

kibanda_cha_juu

Nimerudi. Nianze na dada, kwa heshima. La LeBeau na Fangio nakubali lote, na mimi sijawahi kumdharau mratibu. Ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Lakini umesema Payton anamshika mgongo. Mimi naona miaka miwili ya kukaa jirani na mtu aliyechukua Super Bowl akiwa kocha mkuu, ukimtazama anavyoendesha wiki yake, ni shule ambayo Joseph wa 2017 hakuwa nayo. Hii ni ajabu ya kazi yetu: mara ya kwanza hujui hata uulize nini. Ukishaanguka, ndipo unaanza kumtazama mwenzio aliyesimama na kuona anaweka wapi miguu.

Sasa la mashambulizi, kwa sababu linakwenda moja kwa moja kwenye sharti langu. Wenye timu wanawapenda watu wa mashambulizi kwa hesabu rahisi. Kocha mkuu akiwa mtu wa ulinzi, kwotabeki wake analelewa na mratibu wa mashambulizi. Mratibu yule akifanya vizuri, timu nyingine inamchukua, na kwotabeki anaanza upya na sauti mpya sikioni. Dan Quinn ilimkuta Atlanta. Alikuwa na Kyle Shanahan, wakafika Super Bowl, wakaongoza 28 kwa 3 na kupoteza 34 kwa 28, na Shanahan akaenda zake San Francisco kuwa kocha mkuu. Quinn hakuirudisha tena Atlanta kwenye Super Bowl, na Oktoba 2020 akafukuzwa baada ya kupoteza tano za kwanza.

Quinn ndiye mfano wangu, dada, si Belichick. Alishuka akawa mratibu wa ulinzi Dallas misimu mitatu. Washington walipompa timu 2024, ulinzi alimkabidhi Joe Whitt, mtu aliyefanya naye kazi Dallas. Akaacha kuita mipango, yeye aliyejengwa na kuita mipango. Mashambulizi akampa Kliff Kingsbury, ambaye alishakuwa kocha mkuu Arizona (na Joseph ndiye aliyekuwa mratibu wake wa ulinzi kule, kwa hiyo wanajuana). Timu iliyotoka kushinda mechi 4 ikashinda 12 na kufika hatua moja kabla ya Super Bowl. Kwotabeki wao, Jayden Daniels, alikuwa na mchango mkubwa, silikatai. Lakini kipaji kama kile huwa kinaharibika mikononi mwa kocha asiyekitazama.

Kwa hiyo sharti langu kwa Joseph ni hili. Siku ya usaili wasimuulize atawazuia vipi Kansas City. Hilo anaweza kulijibu usingizini. Wamuulize: ulinzi utamkabidhi nani? Ataje jina. Akisema "nitaita mwenyewe kwanza, tutaona mbele", ningemshukuru na kumfungulia mlango. Kisha ataje jina la mtu wa mashambulizi, na la atakayemrithi huyo akichukuliwa. Mwenye majina matatu kichwani ameshaanza kufikiri kama kocha mkuu.

Na timu iwe na kwotabeki tayari. Asikubali tena kupokezana watatu. Atakosa kazi mwaka mmoja au miwili kwa kuchagua, sawa, ana kazi nzuri alipo. Ben Johnson alikataa kwanza, akabaki Detroit mpaka alipoipata aliyoitaka.

dada_wa_jumapili

La majina matatu nimelipokea. Bado nasema abaki, ila akiyataja hayo majina mbele yangu nitanyamaza.

Na wewe kaka, ulirudi? Hujatuambia.

kibanda_cha_juu

Nilirudi, dada. Baada ya misimu miwili kule waliniachia kwa staha, nikashuka kuwa mratibu kwenye shule nyingine miaka minne, kisha nikaombwa tena kushika timu. Safari hii ulinzi nilimpa kijana aliyekuwa msaidizi wangu, nikampandisha yeye kwenye kibanda. Mimi nikabaki chini, karibu na kwotabeki.

Mechi ya kwanza tulifungwa tachidauni mapema, njia ya kati, kosa ambalo nililiona kabla mpira haujatoka mkononi. Nilishika kitufe cha hedseti. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kwotabeki wangu alikuwa amesimama pembeni yangu anafunga kamba ya kofia, ananitazama anasubiri nimwambie tunaanza na nini. Nikaachia kitufe, nikamwambia tunaanza kulia. Ulinzi uliporudi uwanjani yule beki alikuwa amesogezwa hatua mbili nyuma, pale pale ambapo ningemsogeza mimi.